Kwa Nini Kwangu Hakupigwi Taarabu

Mama yangu siku hizi husikiliza kaswida tu. Ana kiredio chake kidogo cha kuchomeka flashi, zawadi ya mjukuu, anakiweka dirishani asubuhi akishamaliza kuswali na kukiacha hapo kikiimba mpaka adhana ya adhuhuri. Alihamia kwangu Ilala tangu magoti yalipomkataa, na mimi sina ugomvi na kaswida. Ugomvi ulianza Jumamosi moja, binti yangu Nasra alipokuwa sebuleni na simu yake akifanya mazoezi ya onyesho la mahafali ya shule. Darasa lao lilipangiwa kucheza taarabu. Kinanda kikalia kidogo, mwimbaji akavuta sauti, na mama akatoka chumbani akiburuza miguu.

"Zima hiyo," akasema. "Hapa hapapigwi upuuzi huo."

"Bibi, ni ya shule."

"Hata kama ya shule. Mimi maisha yangu yote sijawahi kuwa mtu wa taarabu. Muulize mama yako."

Nasra akanigeukia. Nilikuwa namenya viazi, na kisu kikabaki mkononi. Ukweli ni kwamba mwenye kupiga marufuku taarabu nyumbani humu ni mimi, miaka mingi kabla mama hajahamia. Mume wangu anajua, watoto wanajua, hata fundi rangi aliyekuja na spika yake aliambiwa. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo ni mama. Kumsikia akilichukua katazo langu na kulifanya lake, tena kwa sauti ya mcha Mungu, kulinichefua. Mwanamke huyu alikuwa na sare za vikundi viwili vya taarabu, na kanda zake zilijaa kabati hadi nguo zetu zikalala kwenye sanduku.

Wenzangu wa rika langu tuliokulia Kariakoo mnazijua zile nyumba za Kiswahili, kabla hazijavunjwa moja moja na kupandishwa maghorofa ya vioo. Yetu ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na uani bomba, choo na majiko ya kila mpangaji mahali pake. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo nyumbani alipita tu. Mama alikuwa na meza ya kanga na vitenge karibu na soko. Alitoka alfajiri na kurudi jioni sauti imemkauka kwa kuita wateja. Kati ya alfajiri na jioni, mimi nilikuwa wa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikaa chumba cha kutazamana na chetu. Alikuwa mshonaji. Aliolewa mara mbili na mara mbili akaachwa, kwa sababu ambayo wanawake wa uani waliitaja kwa kushusha sauti: hakujaaliwa mtoto. Mimi hilo sikuliona kama upungufu, maana mtoto alikuwa naye, ndiye mimi. Nilijifunza kusimama nikiwa nimeshika mguu wa cherehani yake. Uji wangu alinipa yeye, na nywele zangu alisuka yeye, akininong'oneza nisilie kwa sababu mtoto mwenye kulia, nywele zake hutoka zimepinda. Chumba chake kilinuka mafuta ya cherehani, kitambaa kipya na karafuu alizozoea kutafuna, na mpaka leo nikipita maduka ya vitambaa Kariakoo, ikanijia harufu ya jora lililofunguliwa sasa hivi, mwili hutulia kabla akili haijakumbuka kwa nini.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Alikuwa na redio kaseti ya rangi ya fedha iliyovalishwa kitambaa cha kufuma, na alipenda taarabu ya zamani, ile ya fidla nyingi na mwimbaji asiye na haraka. Fidla zikiingia alisimamisha mguu kwenye pedeli, na mashine ikanyamaza. Alinishika kifundo cha mkono na kunigonga kwa kidole kila qanuni ilipolia, ili niitofautishe na ala nyingine za nyuzi. "Umeisikia hiyo? Hiyo inajificha. Ukiitafuta kwa pupa hutaipata." Nilikuwa na miaka sita, saba hivi, na niliipata.

"Taarabu husikilizwa umekaa," alikuwa akiniambia. "Ukiona mtu amesimama, huyo hasikilizi tena, anatafuta watu."

Mama alikuwa wa taarabu mpya, ya kinanda cha umeme, ngoma kubwa na maneno yaliyovuliwa nguo. Siku za Jumapili alifua uani huku kanda ikilia kwa nguvu hadi bati likatetemeka, na kila ubeti mkali ukifika alinyanyua mkono wenye povu na kupiga kigelegele. Bi Zuhura alifunga mlango wake taratibu. Nilimsikia mara moja akimwambia Mama Eli, mwanamke wa Moshi aliyepanga chumba cha mbele na kufungua duka dirishani, kwamba hayo ni masuto tu yaliyotiwa kinanda. Mimi nilipenda zote mbili. Katikati ya wiki nilikuwa mtu wa fidla, Jumapili nilikuwa mtu wa kigelegele, na sikuona tatizo lolote kuwa na nyumba mbili ndani ya nyumba moja.

Kisha nikaugua malaria. Mama alifunga meza yake siku mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata baba alipovunjika mkono. Alikaa kitandani akinikanda kwa kitambaa cha maji. Nakumbuka nilifumbua macho, nikamwona yeye, nikaanza kulia.

"Unataka nini, mwanangu? Nikupe maji?"

"Sikutaki wewe. Namtaka Bi Zuhura."

Mama alikiweka kitambaa kwenye beseni, akavuka ukumbi, akamwita. Bi Zuhura alikuja na kuketi pale pale mama alipokuwa ameketi, na mama akabaki amesimama mlangoni. Nilifurahi sana, na nililala. Watu wazima mliowahi kuzaa mtajua alichosikia mama mlangoni pale, na mimi sasa nimezaa, najua. Kulijua hakujanisaidia kumsamehe.

Wiki chache baadaye ilikuja harusi ya binti mmoja wa mtaa wa pili. Na hapa ndipo panapouma, kwa sababu wiki moja kabla ya harusi ile ndiyo wiki ambayo mama alinipenda kuliko zote. Alirudi nyumbani mapema. Alininunulia viatu vyeupe. Kila jioni aliweka kanda ile ile, wimbo ule ule uliokuwa ukivuma mjini, akanikalisha mapajani na kunifundisha ubeti wake mmoja mpaka nikaujua kwa moyo:

*Vya watu ukipakata, jioni vyarudi kwao.*

Niliuelewa vizuri sana, kwa akili yangu. Mimi nilipakatwa na Bi Zuhura, na jioni nilirudi kwetu. Niliona mwimbaji ametutungia wimbo sisi, na nikashangaa amejuaje. Mama akanifundisha na kucheza: hatua ndogo ndogo, magoti yamelegea, noti imeshikwa juu kwa vidole viwili.

"Wakifika hapo," akasema, "utakwenda alipokaa Bi Zuhura. Mzunguke mara moja, simama mbele yake, mnyooshee noti hivi, ndipo uipeleke kwa mwimbaji. Umeelewa?"

"Kwa nini nimnyooshee yeye?"

"Ili ajue ni wake."

Kwa asiyekulia kwenye mambo haya, kutunza ni kumpelekea mwimbaji zawadi ya noti jukwaani wakati ubeti unaokugusa unaimbwa. Mtu hutunza kwa furaha, kwa mapenzi, kwa kumbukumbu ya marehemu. Mimi nilikuwa nimeona wanawake wakicheza mbele ya bibi harusi na noti zao, wakimpepea nazo, naye akiona haya na kutabasamu. Nilichokijua juu ya kutunza ni hicho tu. Nilijua anayechezewa usoni ndiye anayependwa. Wiki nzima nililala na siri yangu ikinichoma, nikitamani kumwambia Bi Zuhura kuwa nitamtunzia, na nikajizuia kwa sababu mama alisema iwe ajabu kwake.

Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyenishonea gauni la siku ile, la njano, lenye marinda kiunoni. Alilijaribisha mwilini mwangu mara tatu, pini mdomoni.

Turubai lilifungwa kukatisha mtaa, viti vya plastiki vikapangwa, na baada ya alasiri spika zikaanza kunguruma. Wenye sare walikaa mbele. Bi Zuhura hakuwa na sare ya mtu yeyote. Alikaa safu ya tatu ukingoni, kwa heshima ya mama wa bibi harusi, mikono mapajani. Wimbo wetu ulipoanza mama alinitazama tu. Nikainuka.

Nilicheza vizuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Nilimzunguka mara moja kama nilivyofundishwa, nikasimama mbele yake, magoti nikayalegeza, nikamnyooshea noti usoni nikiimba ubeti kwa sauti yangu yote. Wanawake wakalipuka. Vigelegele, makofi, mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Huyo! Ujumbe umemfika mwenyewe!" Nikajua nimependeza. Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kutabasamu, mikono ameifungua nimkimbilie, kama alivyofanya siku zote. Kisha akatazama juu ya kichwa changu. Nikageuka kuona anatazama nini. Mama alikuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, kanga kaikaza kiunoni, mkono mmoja juu.

Bi Zuhura alifunga mikono yake. Akainuka, akaweka kanga yake sawa begani, akapitisha kiganja juu ya nywele zangu mara moja, akaenda zake. Mimi nilidhani anakwenda msalani. Nikaendelea hadi jukwaani, nikapandishwa juu, na mwimbaji akaurudia ubeti mara tatu huku amenishika mkono, kwa kuwa noti ilikuwa nene na watu walikuwa wanataka.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, viatu vyeupe mkononi, kumuuliza kama ameona nilivyopandishwa jukwaani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha hodi.

"Nenda kwa mama yako," akasema.

Asubuhi yake hivyo hivyo. Mama akawa ananiacha na Mama Eli dukani. Nilikaa juu ya gunia la sukari nikiuangalia mlango ule, nikijiuliza kosa langu, na sikuliona. Niliwaza kwamba labda hakusikia vizuri, kelele zilikuwa nyingi, labda hajui kuwa zawadi ilikuwa yake. Basi nikafanya kile ambacho mtoto anayependa angefanya. Nilikwenda mlangoni kwake, nikaweka mdomo kwenye tundu la kitasa, nikamwimbia ubeti. Nikamwimbia asubuhi na mchana, kwa sauti nzuri, nikivuta mwisho kama alivyovuta mwimbaji. *Vya watu ukipakata.* Wanawake uani wakawa wanaachia vyombo na kutazamana. Mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya nne Mama Eli alitoka dukani, akanishika mkono, akanivuta.

"We mtoto, utanyamaza au hutanyamaza? Nani kakuambia uimbe hapo?"

"Namwimbia anifungulie."

Mama Eli akanitolea pipi dukani, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa niile.

Haukupita mwezi. Nilirudi kutoka shule nikaukuta mlango uko wazi, chumba kimefagiwa, ukutani pametobolewa pale alipokuwa ametundika kibao cha nyuzi zake. Mkokoteni ulikuwa umeshabeba cherehani, kitanda na redio. Mama Eli akanipa mfuko. Ndani ilikuwemo sketi yangu ya shule ambayo Bi Zuhura alikuwa anaipunguza tangu kabla ya harusi. Alikuwa ameimaliza. Pindo limelala sawa, mishono midogo midogo, amebakiza kitambaa ndani ili nikikua itolewe.

"Amekwenda Kigamboni kwa ndugu zake," Mama Eli akasema. "Usilie, utatapika."

Niliambiwa na kila mtu kuwa watu huhama. Nikaamini. Nilikuwa darasa la sita nilipokwenda harusi nyingine na binti wa mama mdogo, nikaona mwanamke akimchezea mwenzake usoni na noti, akimnyooshea, na yule wa pili akanyanyuka na kumvua kilemba, wakashikana mpaka viti vikaanguka. Nikamuuliza binti wa mama mdogo kwa nini huyu amekasirika ilhali ametunziwa. Alinicheka.

"Kwani wewe umezaliwa wapi? Ukitunziwa usoni kwenye ubeti wa mpasho, si umetukanwa! Anasema huo ni wako."

Ili ajue ni wake. Niliondoka harusini kwa miguu. Mama alikuwa anapanga kanga kitandani, nikamuuliza, na wakati ule alikuwa bado hajajifunza kusahau.

"Alikuwa anakuchukua," akasema, bila kuinua macho. "Kidogo kidogo. Mtoto wangu mmoja. Umelala na homa, mimi ndiye niliyekesha, ukamwita yeye. Ulitaka nifanye nini?"

"Ungemtukana wewe mwenyewe."

"Mimi? Likitoka kwangu lisingemuuma."

Alilisema kama anavyomweleza mteja kwa nini kanga hii inauzwa na ile haiuzwi. Tangu siku ile sikusikiliza taarabu, mpya wala ya zamani. Wengine husema masikio ya mtu hukua, anaacha muziki wa utoto kama anavyoacha viatu. Yangu hayakukua, yalikimbia. Sekondari nilijifanya mtu wa bongo fleva, nikajua mistari yote ya vijana waliorapu kuhusu maisha magumu, na wenzangu wakaniita mjanja. Chuoni nikaingia kwenye rumba la Kikongo kwa sababu sikukielewa Kilingala, na lililonipendeza ni hilo hilo la kutokielewa. Mtu anaweza kukutukana kwa Kilingala mpaka kesho nawe ukacheza kwa amani. Nilipoolewa nikapenda magitaa matupu, muziki usio na neno hata moja. Mume wangu huwaambia wageni kwamba mke wake ana masikio ya kisomi. Huwa nawaletea juisi. Kumbe ni woga tu. Na zile fidla ambazo hazikunikosea chochote, qanuni niliyokuwa nikiisikia kwa kifundo cha mkono, nilizifukuza pamoja na zile ngoma. Hilo ndilo nililolipoteza, na nililipoteza kwa mkono wangu.

Basi Jumamosi ile, viazi vikiwa jikoni na Nasra amekwenda kufanyia mazoezi kwa rafiki yake, nilimfuata mama chumbani.

"Mama, Bi Zuhura unamkumbuka?"

"Zuhura yupi?"

"Mshonaji. Kariakoo. Tulikuwa tunatazamana mlango."

"Ahaa, yule." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Mtu mwema yule. Alihama."

"Alihama kwa nini?"

"Watu huhama, mwanangu. Yaliyopita si ndwele." Akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Nilisimama pale nikimtafuta yule mwanamke wa nguzo ya turubai kwenye uso wa bibi huyu mwenye tasbihi. Sikumpata. Sijui kama anadanganya au amesahau kweli, na kati ya mawili hayo sijui ni lipi bora. Amebadilisha muziki, na alipoubadilisha akatoka msafi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliyekuwa amebaki na ile harusi ni mimi peke yangu, nilifikiri, na pengine mmoja mwingine kama yu hai.

Mama Eli leo ana duka la jumla Kariakoo na wanawe ndio wanaoliendesha, lakini yeye bado hukaa kwenye kiti mlangoni. Nilimwendea Jumatatu. "Yupo," akasema. "Bado anashona. Vuka Magogoni, ukishuka waulize fundi Zuhura, watakuonyesha. Mimi nilidhani ulishakwenda siku nyingi." Nilipanda pantoni, na kuvuka kulichukua muda mfupi kuliko foleni ya kwenda kazini kwangu kila asubuhi.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kulikuwa na redio barazani, na ilikuwa inapiga taarabu, na si ile ya fidla. Kinanda cha umeme, ngoma kubwa. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Hodi. Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba." Akaivua miwani. Hakuuliza mimi ni nani. "Umefanana na mama yako."

Akanipa kiti, akanipa chai, akaniuliza hali ya mama, nikasema mzima, anasumbuliwa na magoti, akasema Mungu amjaalie. Maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu darasa la sita yalinitoka yote kwa pamoja, hovyo: kwamba sikujua, kwamba nilidhani namheshimu, kwamba nilifundishwa.

"Najua," akasema. "Ulikuwa mtoto. Nilijua pale pale ulipogeuka kumtazama mama yako. Mtoto wa miaka saba ana kosa gani?"

"Sasa mbona ulihama, Bi?"

Alipima kitambaa kwa vidole, akakata uzi kwa meno.

"Kwa ajili ya kuimba kwako. Tusi la mama yako ningelimeza. Yeye si wa kwanza. Lakini wewe ulikuja mlangoni ukaimba, ukaimba. Siku ya nne nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango na ufagio mkononi, nataka kutoka nikupige. Wewe. Nikasema, hapa nitamchukia mtoto huyu. Bora niondoke kabla."

Redio iliendelea. Nikamuuliza anawezaje kusikiliza nyimbo hizi.

"Ule wimbo ulikuwa unapigwa kila mahali, hata huku. Dukani, harusini, kwa jirani. Nikasema, nitakimbilia wapi? Nikanunua kanda yake mwenyewe. Nikauweka asubuhi, mchana, jioni, nashona nao. Mwezi mzima nalia, mwezi wa pili nanuna, mwezi wa tatu nikagundua yule mpiga kinanda anajua kazi yake." Akacheka kidogo. "Wimbo haukunifanya kitu. Nimeuzoea, nikaupenda, na sasa hata siukumbuki vizuri."

"Mimi mpaka leo siwezi kuusikia," nikasema. "Kwangu hakupigwi taarabu yoyote."

"Pole," akasema, kwa upole wa kweli, kama unavyompa pole mtu asiyekuhusu aliyejikwaa njiani. "Mimi nilishamaliza."

Nilikuwa nimekuja kubeba nusu ya mzigo wake, na hakuwa na mzigo. Nikasema kwamba nilipaswa kuja mapema. Akasema ndiyo. Akasema miaka ya mwanzo, kila Jumapili akisikia hodi, alidhani ni mimi nimekua na nimejua njia. Alisema hivyo bila kinyongo chochote, na hapo nilitamani kinyongo.

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu akaingia kutoka uani, mtoto mgongoni, mikono ina unga. "Mama, unga umeisha," akamwambia Bi Zuhura, kwa sauti ya mtu aliyelelewa naye tangu mdogo, na ndipo akaniona. "Kumbe una mgeni. Ni nani huyu, mama?"

Bi Zuhura alivaa miwani, akainama kwenye cherehani yake, akatafuta tundu la sindano.

"Walikuwa jirani zangu nilipokaa Kariakoo," akasema. "Yeye na mama yake."

Yule dada akafuta mikono kwenye kanga, akaniamkia kwa adabu, akaniuliza kama nimeongezewa chai.